Bi Harusi Anayeitwa Israeli: Nguo Zake Katika Vitabu vya Wakristo



Wiki chache kabla ya Ramadhani alitujia mteja Mkristo, mtu wa bara anayefanya kazi hapa kisiwani, na kitambaa cha kitani mkononi. Alitaka gauni la harusi jeupe, refu, lisilo na shanga wala mawe. Tukamwambia kitani kinakunjamana upesi na kwenye picha hakipendezi. Akacheka, akasema bi harusi wa kwenye kitabu cha mwisho cha Biblia anavaa kitani, na yeye anataka hichohicho. Tulipomuuliza huyo bi harusi ni nani, akasema wengine wanajibu ni Kanisa, wengine wanajibu ni Israeli, na kwao baba yake na mjomba wake mchungaji hawajasikilizana juu ya hilo mpaka leo.

Sisi ni mafundi cherehani, si wanazuoni. Lakini bi harusi akitajwa hatuwezi kupita bila ya kuuliza kavaa nini. Tukakaa naye jioni kadhaa akatuonyesha sehemu zenyewe, na ya historia tukayatafuta wenyewe. Jina la Israeli tunalisikia kila siku kwenye taarifa ya habari, na wengi wetu hatujui wenzetu wanalisoma vipi.

Mwanzo lilikuwa jina la mtu. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Yakubu alishindana usiku kucha na mtu asiyemjua, na alfajiri akapewa jina la Israeli. Watoto wake sisi tunawajua kama Bani Israil. Jina likashuka kwa makabila 12, kisha kwa ufalme, na ufalme ulipogawika baada ya Nabii Suleiman, upande wa kaskazini ndio uliobaki na jina la Israeli. Wa kusini ukaitwa Yuda, na mji wake ni Jerusalem.

Huko kaskazini, katika karne ya 8 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, ndiko alikohubiri Hosea. Yeye ni katika wa mwanzo kuufananisha umma huo na mke, na Mungu na mume. Tukiri kwamba masikio yetu yalishtuka, kwani kwetu Mola hafananishwi hivyo. Mteja wetu alitueleza kuwa kwao ni mfano wa ahadi, kwa sababu ndoa nayo ni ahadi ya pande mbili. Hosea aliamrishwa amuoe Gomeri, mwanamke asiye mwaminifu, na watoto wakapewa majina mazito: mmoja ni Asiyehurumiwa, mwengine ni Si Watu Wangu. Fikirini mama anamwita mtoto kwa jina hilo uani. Kila aliyesikia alitakiwa ajiulize mwenyewe, kwani maneno yale yalikuwa ya watu wa nyumbani, si ya maadui zao.

Kisha ikaja habari ya mahari, na hapa ndipo tulipoacha kushona tukasikiliza. Hosea anatoa vipande 15 vya fedha na shayiri kumkomboa mwanamke amrudishe nyumbani. Na katika ahadi ya kuposwa upya kwa Israeli, kinachotajwa ni haki, hukumu ya sawa, wema, huruma na uaminifu. Wafasiri wengi wanasema hiyo ndiyo mahari yenyewe. Ardhi na mavuno yanatajwa pia, lakini yanakuja pamoja na hayo. Mji wa Samaria ulianguka kwa Waashuri karibu na mwaka 722 kabla ya Isa, na mfalme wao Sargon wa Pili aliandikisha kwamba alihamisha watu zaidi ya 27,000. Ufalme ule haukuinuka tena.

Kusini, zaidi ya miaka mia baadaye, Yeremia aliwauliza watu wake kama yupo bi harusi anayesahau mapambo yake. Swali hilo linamgusa kila fundi aliyewahi kupigiwa simu saa nne ya usiku kwa ajili ya shela! Yeye mwenyewe alikatazwa kuoa, iwe alama ya msiba unaokuja, na akasema sauti ya bwana harusi na bi harusi itanyamaza mitaani. Jerusalem ikachomwa na Wababeli karibu na mwaka 586. Lakini huyohuyo aliahidi kwamba sauti hizo zitasikika tena, na Mayahudi mpaka leo wanaitaja ahadi hiyo katika dua za harusi zao.

Nguo hasa ziko kwa Ezekieli, aliyechukuliwa mateka Babeli mwaka 597. Anaifananisha Jerusalem na mtoto wa kike aliyetupwa kondeni, kitovu hakijakatwa. Anaokotwa, anakua, anavishwa nguo ya taraza, kitani kizuri na hariri, viatu vya ngozi, bangili, mkufu, kipini, herini na taji. Ni sanduku zima la harusi. Halafu bi harusi yule anazichukua nguo zile kupambia sanamu, na mwisho anavuliwa mbele ya watu na kupigwa mawe.

Hapo tulinyamaza. Tunaelewa kwamba ni mfano wa mji uliovunja ahadi, lakini mfano wenyewe ni mwili wa mwanamke unaoaibishwa, na sisi tumeshamwona mwanamke akiaibishwa kweli. Tulipata nafuu kujua kwamba hata miongoni mwa wanazuoni wa Kiyahudi wa zamani, Rabi Eliezer hakutaka sura hiyo isomwe hadharani katika sinagogi.

Kitabu cha Isaya kinamvisha tena. Jerusalem aliyeitwa Aliyeachwa anapewa jina la Hefsiba, na nchi inaitwa Beula, yaani iliyoolewa. Warumi nao wakautumia mfano huohuo kwa kejeli: walipoibomoa Jerusalem mwaka 70 baada ya Isa, walipiga sarafu zenye mwanamke aliyekaa chini ya mtende analia, na jina la Yudea iliyotekwa.

Kitabu cha Ufunuo, kilichoandikwa katika kisiwa cha Patmos, kina wanawake kadhaa. Mmoja amevikwa jua, mwezi chini ya miguu yake, na taji la nyota 12. Aliyesoma Surat Yusuf atakumbuka jua, mwezi na nyota 11 za ndoto, na Wakristo wengi wanaona hapo nyumba ya Yakubu. Wa mwisho ndiye bi harusi wa kitani, na kitani chake kimeelezwa mlemle kuwa ni matendo ya haki ya watakatifu. Baadaye mji anaoonyeshwa kwa jina la bi harusi ni Jerusalem mpya, wenye milango 12 yenye majina ya makabila.

Sasa ule ugomvi wa baba na mjomba. Kwa karne nyingi makanisa mengi yalifundisha kwamba bi harusi ni Kanisa. Katika miaka ya 1830 John Nelson Darby, aliyewahi kuwa kasisi huko Ireland, alifundisha kwamba Israeli na Kanisa ni wawili mbalimbali, na ahadi za ardhi bado zinawangoja Mayahudi. Biblia ya Scofield, iliyotoka mwaka 1909, ilieneza fikra hiyo Marekani, na taifa la Israeli lilipotangazwa mwaka 1948 wengi huko waliona utabiri umetimia. Mjomba yuko upande huo. Baba hayuko, na hayuko peke yake: Desemba 2009 Wakristo wa Kipalestina walitoa waraka wao, Kairos Palestina, wakikataa Biblia itumike kuhalalisha dhulma wanayofanyiwa katika ardhi yao.

Tulimuuliza mteja wetu mbona wanaobishana juu ya ardhi hawataji ile mahari ya Hosea. Akasema atamuuliza mjomba siku ya harusi, akishakula pilau.

Gauni alilichukua Alhamisi. Alilijaribu palepale, na alipokaa kusubiri bodaboda kitani kikakunjamana mgongoni chote. Tukachukua pasi. Akasema tuiache.