Wanasayansi chipukizi wa bahari

Wanasayansi chipukizi wa bahari ni watafiti na wataalamu walio katika miaka ya mwanzo ya kazi inayohusu bahari. Miongoni mwao wamo wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu, watafiti waliohitimu karibuni, maofisa wa uvuvi na wa hifadhi za bahari, walimu, wahandisi na wabunifu. Katika programu ya Umoja wa Mataifa inayowahusu, kipimo kinachotumika ni uzoefu wa kazi usiozidi miaka 10, bila kujali umri wa mtu.

Makala hii inaeleza jinsi wanavyosaidiwa kuingia katika mambo matatu ambayo kwa kawaida hayafundishwi maabara: utungaji wa sera, ubunifu na utafutaji wa fedha. Mambo hayo hutegemeana. Utafiti usio na fedha haufanyiki; usiomfikia mtunga sera haubadilishi kanuni; na usiogeuzwa kuwa njia mpya ya kufanya kazi haumsaidii mvuvi wala mkulima wa mwani. Mifano mingi ni ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani pwani ya kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa vya Komori, Madagaska, Shelisheli, Morisi na Réunion.

Historia

Utafiti wa bahari katika Afrika ya Mashariki ulipata taasisi zake za kwanza wakati wa ukoloni. Shirika la pamoja la utafiti wa uvuvi wa baharini lilikuwa na makao yake Zanzibar na kuhudumia nchi za kanda. Katika miaka ya 1960 Safari ya Kimataifa ya Bahari ya Hindi ilileta zaidi ya meli 40 za utafiti. Meli nyingi na wataalamu wengi walitoka nje ya Afrika, na walipoondoka, pwani ilibaki na watafiti wachache wenyeji.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ililazimika kujenga taasisi yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Zanzibar mwaka 1978. Kenya ilianzisha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) mwaka 1979, ikiwa na makao makuu Mombasa. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ilifuata mwaka 1980. Taasisi hizo zilihitaji vijana waliosoma, na wengi wao walipelekwa ng'ambo kwa masomo ya juu.

Mwaka 1993 kilianzishwa Chama cha Sayansi ya Bahari cha Magharibi mwa Bahari ya Hindi, kinachojulikana kwa kifupi chake WIOMSA, chenye makao makuu Zanzibar. Chama hicho hutoa ruzuku za utafiti, huendesha mafunzo na huandaa kongamano la kisayansi ambalo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Makongamano ya karibuni yamefanyika Dar es Salaam (2017), Morisi (2019), Gqeberha nchini Afrika Kusini (2022) na Mombasa (2025). Vijana wa kanda hiyo wana pia mtandao wao, WIO-ECSN.

Kwa upande wa dunia, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitangaza mnamo Desemba 2017 kwamba miaka 2021–2030 itakuwa Muongo wa Sayansi ya Bahari kwa Maendeleo Endelevu. Uratibu wake ulikabidhiwa Tume ya Kiserikali ya Sayansi ya Bahari ya UNESCO, iliyo na ofisi yake ya Afrika mjini Nairobi. Juni 2021 programu ya wataalamu chipukizi wa bahari, maarufu kwa kifupi chake ECOP, iliidhinishwa kuwa sehemu ya Muongo huo. Programu hiyo ina matawi ya kanda na ya nchi, likiwemo tawi la Afrika.

Ushiriki katika sera

Sera za bahari hutungwa katika ngazi kadhaa, na kila ngazi ina mlango wake.

- Kijiji au shehia. Hapa zipo kamati za wavuvi na vikundi vya usimamizi wa fukwe na rasilimali za uvuvi, vijulikanavyo kama BMU. Vinaweza kupendekeza kufunga eneo la uvuvi kwa muda au kukataza nyavu fulani.
- Taifa. Hapa zipo wizara, bunge na mamlaka za hifadhi. Zanzibar, kwa mfano, ina wizara inayoshughulikia uchumi wa buluu na uvuvi.
- Kanda. Mkataba wa Nairobi, uliotiwa saini mwaka 1985 na kuanza kutumika mwaka 1996, unaunganisha nchi 10 katika kulinda bahari na pwani. Una jukwaa la kukutanisha watafiti na watunga sera.
- Dunia. Mkataba wa viumbehai wa bahari kuu ulipitishwa 19 Juni 2023 na kuanza kutumika 17 Januari 2026. Una sehemu nzima inayohusu kujenga uwezo wa nchi zinazoendelea na kuhamisha teknolojia ya bahari.

Chombo cha kwanza anachofundishwa mtafiti chipukizi ni muhtasari wa sera. Huu ni waraka wa kurasa chache unaoeleza tatizo, ushahidi uliopo, hatua zinazowezekana na gharama ya kila hatua. Hutofautiana na makala ya kisayansi kwa mpangilio: makala huanza na mbinu na kumalizia na hitimisho, lakini muhtasari huanza na hitimisho kwa sababu msomaji wake ana muda mfupi. Mwandishi hutakiwa pia kusema wazi ni jambo gani lina uhakika na ni lipi bado linachunguzwa, ili kiongozi asije akaahidi kisichothibitishwa.

Somo la pili ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Kenya na Tanzania huanza 1 Julai, na bajeti hujadiliwa bungeni katika miezi inayotangulia. Matokeo ya utafiti yakifika wizarani bajeti ikiwa imekwisha kupitishwa, hata yakiwa mazuri, kwa kawaida husubiri mwaka unaofuata.

Somo la tatu hupatikana kwa kukaa ndani ya ofisi za serikali. Marekani ina mfano wa zamani wa jambo hili: nafasi za Knauss, zilizoanza mwaka 1979, huwaweka wahitimu wa vyuo vikuu kwa mwaka mmoja katika ofisi za bunge au za serikali kuu mjini Washington. Umoja wa Mataifa nao ulianzisha mwaka 1981 nafasi ya masomo ya sheria ya bahari yenye jina la Hamilton Shirley Amerasinghe wa Sri Lanka, aliyeongoza majadiliano ya mkataba wa sheria ya bahari. Mtu aliyepitia njia hizo hujua nani huandika rasimu, nani huipitia na ni wakati gani maoni bado yanaweza kuibadilisha.

Safari hiyo inaweza kufika mbali. David Obura, mtafiti wa matumbawe kutoka Kenya na mwanzilishi wa shirika la utafiti la CORDIO East Africa la Mombasa, alichaguliwa mwaka 2023 kuwa mwenyekiti wa IPBES, jukwaa la serikali za dunia kuhusu sayansi na sera za bayoanuwai.

Ubunifu

Ubunifu katika sayansi ya bahari hauna maana ya mitambo ya gharama kubwa pekee. Mara nyingi ni kubadili zana au utaratibu ambao watu tayari wanautumia.

Mfano unaojulikana ni wa kilimo cha mwani Zanzibar. Wakulima wengi ni wanawake, ambao hufunga mbegu za mwani kwenye kamba na vigingi katika maji ya kina kifupi. Aina ya kotonii, yenye bei ya juu kuliko spinosamu, imekuwa ikifa katika maji hayo kadiri yanavyozidi kupata joto. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, alishirikiana na wakulima kujaribu nyavu zenye umbo la bomba zinazowekwa katika maji ya kina kirefu zaidi, ambako joto hupungua. Jaribio hilo lilionyesha pia kikwazo kisichoonekana maabara: kufika huko kunahitaji boti na kujua kuogelea. Kupitia mpango ulioanzishwa mwaka 2006 wa kuwaunganisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali, wakulima walijifunza pia kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine za mwani badala ya kuuza mwani mkavu tu.

Mfano wa pili ni Mikoko Pamoja katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya. Watafiti wa KMFRI, akiwemo James Kairo, walikuwa wakipanda na kupima mikoko hapo tangu miaka ya 1990. Vipimo hivyo vya muda mrefu ndivyo vilivyowezesha jamii kuanza, mwaka 2013, biashara ya hewa ukaa kutokana na hekta 117 za mikoko. Mapato hutumika kulinda msitu na kugharimia huduma kama maji na elimu vijijini. Mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017.

Mifano hii miwili inaonyesha kwamba wazo hukomaa kwa miaka mingi, na kwamba jamii hushiriki tangu mwanzo. Mkataba wa utafiti wa miaka miwili au mitatu hautoshi kwa kazi ya namna hiyo, na hapo ndipo suala la fedha linapoingia.

Fedha

Utafiti wa bahari ni ghali. Unahitaji boti na mafuta, vifaa vya kuzamia, vipimo vinavyoliwa na chumvi, na vibali vya utafiti. Ripoti ya Dunia ya Sayansi ya Bahari ya mwaka 2020, iliyotolewa na UNESCO, ilieleza kwamba kwa wastani nchi zilizochunguzwa hutenga asilimia 1.7 tu ya bajeti zao za utafiti kwa ajili ya sayansi ya bahari. Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti wote, lakini nyingi hazijafikia kiwango hicho.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha katika kanda hii hutoka kwa wafadhili wa nje. Sweden, kupitia shirika lake la maendeleo Sida, imekuwa mfadhili mkubwa wa WIOMSA. Ruzuku za WIOMSA ni za aina mbili kuu: MASMA, kwa ajili ya miradi mikubwa ya pamoja inayolenga usimamizi wa rasilimali, na MARG, kwa ajili ya kazi ndogo za watafiti binafsi, ikiwemo safari za mafunzo na makongamano. Ruzuku ndogo zina faida maalumu kwa chipukizi. Huwapa nafasi ya kusimamia bajeti yao wenyewe na kuandika ripoti ya matumizi, na mfadhili wa baadaye hutaka kwanza kuona kwamba mwombaji amewahi kufanya hivyo.

Mafunzo ya kuandika maombi ya fedha husisitiza mambo haya:

- swali moja lililo wazi, linalohusiana na lengo la mfadhili;
- bajeti inayolingana na kazi, yenye malipo ya wasaidizi wa vijijini;
- mpango wa kutunza data na mahali zitakapohifadhiwa;
- jina la taasisi au jamii itakayotumia matokeo;
- vibali, ambavyo Tanzania Bara hutolewa kupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Changamoto

Changamoto kubwa ni ajira. Chipukizi wengi hufanya kazi kwa mikataba mifupi inayofuata muda wa mradi. Mradi ukiisha, mtu huenda kwenye benki, biashara au nchi nyingine, na ujuzi wake wa eneo fulani la pwani huondoka naye. Vipimo vya miaka mingi hukatika, na mtafiti anayefuata huanza upya.

Changamoto nyingine ni ile inayoitwa sayansi ya parachuti: watafiti wa nchi tajiri huja, hukusanya data na kuondoka, huku wenyeji wakibaki kuwa wabeba vifaa na wakalimani. Mtaalamu chipukizi mwenyeji huwa katika nafasi ngumu, kwa kuwa kukataa ushirikiano kunaweza kumnyima fedha, na kukubali bila masharti kunaweza kumnyima jina katika makala. Kwa sababu hiyo hushauriwa kwamba umiliki wa data na uandishi wa makala vikubaliwe kwa maandishi kabla ya kazi kuanza.

Wanawake hukutana na vizuizi vya ziada, kama vile safari za meli zisizo na faragha na ratiba za utafiti zisizozingatia malezi. Gharama za viza na nauli nazo huwazuia wengi kufika kwenye mikutano ambako maamuzi na ushirikiano huanzia.

Ulezi na lugha

Msaada unaopewa uzito mkubwa katika programu nyingi ni ulezi wa kitaaluma, yaani mtaalamu mzoefu kumshika mkono anayeanza. Mlezi mzuri humpeleka mwanafunzi kwenye kikao cha wizara, humtambulisha kwa wafadhili na humwachia nafasi ya kuzungumza.

Lugha pia ni sehemu ya kazi. Shahada na makala nyingi za kanda huandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kireno, ilhali vikao vya wavuvi vya Tanzania na pwani ya Kenya huendeshwa kwa Kiswahili. Mtafiti anayerudisha matokeo kijijini kwa Kiswahili hupata faida mbili. Wenyeji huweza kuyatumia katika kanuni zao, na pia huweza kumsahihisha. Wavuvi wana majina yao ya samaki, pepo na mikondo, na wanajua mabadiliko ya miaka mingi ambayo mradi wa miaka mitatu hauwezi kuyapima. Maarifa hayo husaidia kuandika swali bora la utafiti, na swali linalotoka kwa watakaolitumia ni rahisi zaidi kulipeleka kwa mtunga sera na kwa mfadhili.