Mlezi wa mkandarasi mdogo

Daraja la 7 ndilo la chini kabisa kwa makandarasi wa majengo na barabara waliosajiliwa na CRB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 1997. Hapa Ufipa tunawategemea hao kwa mitaro na makalavati kabla ya mvua. Kuchimba wanajua, hukwama kwenye hesabu. Mtu anashusha bei apate kazi ya TARURA, anasahau mafuta ya lori kupanda Lyamba lya Mfipa, mwisho vibarua hawalipwi. Kwa hiyo mlezi, mkandarasi mzoefu au mhandisi, tunaona akae naye kabla bei haijaandikwa. Chuo cha ATTI Mbeya kilikuwa kikifundisha ujenzi wa barabara kwa nguvukazi. Dhamana ya zabuni ikikosekana, CRB ina mfuko wa kuwadhamini wadogo.