Upinde wa mvua (ishara)

Upinde wa mvua ni ishara ambayo umiliki wake unagombaniwa. Mjini Mbarara, Uganda, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, maana zake hukutana: Mkristo huusoma katika Mwanzo 9 kama agano la Mungu na Nuhu, Waganda wa jadi huuita Musoke, mmoja wa balubaale (miungu yao), na Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili wanaujua kwa jina linaloitaja mvua tu. Mwaka 1925 upinde huo ulifanywa bendera ya vyama vya ushirika duniani, harakati iliyoenea pia Ankole kupitia muungano wa ushirika wa Banyankole Kweterana. Msanii Gilbert Baker aliuchora kwenye bendera kwa ajili ya mashoga huko San Francisco mwaka 1978, yaani nusu karne baadaye. Hivyo dai kwamba ishara hii “imeibwa” halina mwizi mmoja.

Wapo wanaosema kwamba maana ya leo, ile ya ushoga, ndiyo inayohesabika, kwa kuwa Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria dhidi ya ushoga, inayoadhibu uenezaji wake kwa kifungo cha hadi miaka 20. Hoja hiyo ina uzito: woga hubadilisha macho. Lakini sheria yenyewe haiutaji upinde, na bendera ya Baker (rangi 6 tangu 1979) si ile ya awali ya ushirika yenye 7, ambayo muungano wa kimataifa wa ushirika uliiacha mwaka 2001. Anayetaka kujua maana, basi, ahesabu rangi na amtazame aliyeishika.