Njia ya Chumvi, Kutoka Mambasa Hadi Kibiro

Kabla malori hayajaizoea barabara ya Kisangani, chumvi iliingia msitu wa Ituri kwa njia mbili. Ya kwanza haikutoka mbali, ilianzia jikoni. Mimea ilichomwa, majivu yake yakawekwa kwenye chombo chenye matundu, yakamwagiwa maji, na maji yaliyodondoka chini yakachemshwa mpaka yakauke. Hiyo ndiyo chumvi ya majivu.

Ujuzi wote ulikuwa katika kile ambacho maji hukubali kubeba. Kabonati ya kalisi iliyojaa kwenye majivu karibu haiguswi na maji, ikabaki juu na masizi. Kabonati ya potasiamu ni kinyume chake: gramu 100 za maji ya nyuzi 20 hubeba zaidi ya gramu 100 za kitu hicho. Na kilichodondoka kilikuwa potasiamu zaidi kuliko sodiamu, na ulimi uliona tofauti. Chumvi halisi ikitokea, chumvi ya majivu ilikaa kando.

Njia ya pili inaelekea mashariki: Mambasa, Komanda, Bunia, kisha unateremka mpaka Kasenyi kwenye Ziwa Albert na kuvuka. Ng'ambo, upande wa Uganda, chini ya ukuta wa mawe wa Bunyoro, ipo Kibiro. Kusini zaidi iko Katwe, yenye ziwa la chumvi ambalo kapteni Mwingereza Lugard alijenga ngome kando yake mwaka 1891; lakini mimi nasimama Kibiro.

Hapa ardhi hulowa maji ya chumvi kutoka chemchemi za moto. Wanawake hutawanya udongo mkavu, laini, juu ya ardhi hiyo. Udongo hunyonya maji, jua huyakausha, chumvi hubaki. Baada ya kurudia hivyo, huukwangua na kuuweka kwenye chombo chenye matundu, wakaupitishia maji. Ulaini una maana yake: chembe ndogo huonyesha maji uso mwingi zaidi, na chumvi hutoka upesi. Bonge lingeficha chumvi tumboni.

Kisha huja kuni za kuyachemsha maji yaliyochujwa. Kwa nini wasingoje tu maji ya moto yapoe, chumvi ijitenge yenyewe? Gramu 100 za maji ya nyuzi 20 hubeba gramu 36 hivi za chumvi. Yakichemka, hubeba 39 tu. Sukari ingekuwa habari nyingine: hupanda kutoka gramu 200 mpaka karibu 490. Chumvi haijali sana moto, hivyo ukiitaka huna budi kuyafukuza maji yote. Kila kipande kilichovushwa ziwani kilikuwa kimekula mzigo wa kuni.

(Tunasema chumvi imeyeyuka kwenye mchuzi. Chumvi kuyeyuka hasa huhitaji nyuzi 801. Kwenye mchuzi humumunyika. Sufuria haijali neno, lakini mwalimu wa kemia anajali.)

Mwanaakiolojia Graham Connah alichimba Kibiro, akakuta kazi hii imeendelea kwa zaidi ya miaka 700. Udongo uliokwisha kuchujwa hautupwi. Hurudishwa kwenye ardhi ile ya chumvi, shamba la chumvi, utawanywe tena. Na mashamba yenyewe ni ya wanawake: mama humrithisha binti yake.