Mnara Uliojengwa kwa Kalamu

Ndugu msomaji, nikuulize swali moja kabla hatujafika mbali. Ukipanda juu ya ghorofa ukaachia mawe mawili kwa pamoja, moja la kilo moja na jingine la kilo kumi, lipi litatangulia kufika chini?

Mimi nilipoulizwa hivyo nikiwa kidato cha pili, nilidakia bila kufikiri: lile zito! Darasa zima likaniunga mkono. Mwalimu akacheka, akatusimulia kisa cha Galileo: jinsi alivyopanda mnara wa Pisa ulioinama, akaachia mipira miwili ya uzito tofauti mbele ya maprofesa na wanafunzi, nayo ikagonga ardhi kwa pamoja.

Kisa hicho kilinikaa kichwani. Nilipomaliza kidato cha nne, kazi sina, ndoto ya kuandika riwaya ninayo, nikakitungia hadithi ya kurasa kumi na mbili. Maprofesa wangu walikuwa na ndevu ndefu na kiburi kirefu zaidi. Mipira ilipotua, pu! wote walibaki midomo wazi.

Jumamosi moja nikaisoma barazani, kwenye kikundi chetu cha waandishi chipukizi. Makofi yakapigwa. Alikuwepo mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa fizikia, aliyekuja kutusikiliza. Akakohoa kidogo.

"Mwanangu, umeandika vizuri. Ila nani aliona?"

"Aliona nini, Mwalimu?"

"Hiyo mipira ikianguka. Nani alikuwepo, akaandika?"

Nikachoka. Jibu sina. Kesho kutwa yake nikaingia maktaba, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Mwanzo wa mambo ni Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo. Yeye alifundisha kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi, kwa kadiri ya uzito wake. Yaani jiwe la kilo kumi liende mara kumi ya lile la kilo moja. Usimcheke. Simama chini ya mwembe uone mwenyewe: embe likikatika hilo limefika, lakini jani hulewalewa hewani kama mtu anayetoka kilabuni. Macho yetu yote ni mashahidi wa Aristotle. Ndiyo maana neno lake lilidumu karibu miaka elfu mbili.

Lakini si kweli kwamba watu wote walilala. Katika karne ya sita, huko Aleksandria nchini Misri, msomi aitwaye John Philoponus aliandika kwamba ukiachia vitu viwili, kimoja kizito mara nyingi kuliko kingine, tofauti ya muda wao wa kuanguka ni ndogo mno. Basi kumbe hapa hapa Afrika mtu alishasema, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Galileo!

Halafu akaja Simon Stevin. Mwaka 1586 alichapisha habari ya jaribio alilofanya na rafiki yake Uholanzi. Walichukua mipira miwili ya risasi, mmoja mzito mara kumi ya mwenzake, wakaiachia kutoka urefu wa futi 30 ianguke juu ya ubao. Hawakutegemea macho, walitega masikio. Wakasikia kishindo kimoja. Mwaka huo Galileo alikuwa kijana wa miaka 22, hata kazi ya kufundisha Pisa alikuwa hajaianza. Aliianza 1589.

Sasa Galileo mwenyewe alisema nini? Kitabu chake kikubwa juu ya jambo hili kilichapishwa 1638 mjini Leiden, Uholanzi, kwa kuwa kwao Italia alikuwa amehukumiwa na mahakama ya Kanisa mwaka 1633, akafungiwa nyumbani. Waandishi wenzangu, sikilizeni hili: kitabu kile kimeandikwa kwa mazungumzo! Watu watatu wanabishana kwa siku nne. Mmoja wao anauliza: ukifunga jiwe dogo pamoja na kubwa, itakuwaje? Kama Aristotle ana haki, dogo litalichelewesha kubwa, kwa hiyo yakifungwa yatakwenda polepole kuliko kubwa peke yake. Lakini hayo mawili sasa ni mzigo mmoja mzito zaidi, kwa hiyo yaende mbio zaidi! Yote mawili hayawezekani. Aristotle amebanwa kwa maneno yake mwenyewe, hata jiwe halijaachiwa.

Kisha linakuja jaribio lenyewe, na halina mnara. Kitu kinachoanguka kinakwenda mbio mno, na zama zile hapakuwa na saa ya kupima nukta. Galileo akapunguza mwendo. Alichukua boriti ya dhiraa 12, akaichonga mfereji mwembamba, akautandika ngozi laini, akaiinamisha, akaviringisha mpira wa shaba nyeusi. Muda aliupima kwa maji: yalitiririka kwa uzi mwembamba kutoka chombo kikubwa, akayakinga, akayapima kwa mizani. Anaeleza kwamba alirudia mara mia. Akaona kwamba muda ukizidi mara mbili, umbali unazidi mara nne. Muda mara tatu, umbali mara tisa. Mwendo unaongezeka kwa mpango, haubahatishi.

Mnara je? Katika vitabu vyake vyote Galileo hasemi kwamba aliangusha mipira kutoka mnara wa Pisa. Aliyeyaandika hayo ni Vincenzo Viviani, aliyekwenda kukaa naye 1639 akiwa na miaka 17, mzee akiwa kipofu. Galileo akafariki 1642. Viviani akaanza kuandika maisha ya mwalimu wake 1654, na kitabu kikachapwa 1717, mwandishi mwenyewe keshakufa. Wanahistoria wengi wana shaka kama tukio lile lilikuwepo. Pengine mzee alimsimulia. Pengine kijana alikoleza chumvi kwa mapenzi. Hivyo mnara ule maarufu katika sayansi ulijengwa kwa kalamu ya kijana, kijana kama mimi na wewe.

Sababu yenyewe ilikuja kuelezwa na Isaac Newton mwaka 1687. Fikiria mkokoteni wenye gunia moja na mwingine wenye magunia kumi. Ukitaka yote miwili iondoke kwa kasi ileile, ule wa magunia kumi utahitaji nguvu mara kumi. Dunia inafanya hivyo hasa: jiwe la kilo kumi inalivuta mara kumi, lakini na lenyewe ni gumu kusogezwa mara kumi. Hesabu zinakatana. Yote yanaongeza kasi sawa, kama mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde.

Na lile jani la mwembe? Mwenye kesi ni hewa. Chukua karatasi mbili zilizo sawa, moja ifinyange iwe mpira, ziachie. Uzito ni ule ule, lakini iliyofinyangwa inatangulia, kwa sababu iliyotandazwa inakumbana na hewa nyingi. Kadiri kitu kinavyokwenda mbio ndivyo hewa inavyokisukuma zaidi, mpaka misukumo inalingana na kasi haiongezeki tena. Tuishukuru hewa jamani! Tone la mvua linaloanguka kutoka mita 1000, bila hewa, lingetupiga kichwani kwa kasi ya kilomita 500 kwa saa.

Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini, mahali pasipo na hewa, nyundo mkono mmoja, unyoya wa kipanga mkono wa pili. Akaviachia. Vikatua pamoja. Safari hii kamera ilikuwepo na televisheni zilionyesha. Swali la yule mzee likapata jibu.

Nami nilirudi kwake na daftari. "Shikamoo Mwalimu. Hakuna aliyeona."

"Marahaba. Sasa hadithi yako utaichana?"

Sikuichana. Nimegundua kwamba kosa halikuwa kutunga, kwani kutunga ndiyo kazi niliyoichagua. Kosa lilikuwa kumeza nilichoambiwa, kisha kukisambaza kama nilikiona. Nililoambiwa kuhusu Galileo nililiamini vile vile watu walivyoamini la Aristotle: kwa sababu mkubwa kasema.

Hadithi naiandika upya. Mnara nimeutoa. Inaanza usiku, katika nyumba ya mzee kipofu aliyezuiwa kutoka. Kijana wa miaka 17 ameketi karibu yake, kalamu mkononi. Mzee anasimulia ujana wake. Kijana anasikiliza, na moyoni anajiuliza aandike alichosikia, au anachotamani kiwe kweli.

Hapo ndipo nilipofika. Sijui bado ataandika lipi.