Otsu: Mashua Inayokokotwa Barabarani

Katika miji mingi ya Japani, sherehe ya mungu wa mji ikifika, watu hutoa magari makubwa ya mbao yaliyopambwa vitambaa, taa na sanamu, wakayavuta mitaani kwa kamba. Kyoto wanayo. Takayama wanayo. Kishiwada huyakimbiza kwenye kona kwa kasi ya kutisha. Otsu, bandari ya wavuvi katika mji wa Kitaibaraki, mkoa wa Ibaraki, hutoa mashua. Ni chombo cha mbao chenye omo na tezi yake, kirefu zaidi ya mita 10, kizito tani kadhaa, wala hakina gurudumu hata moja. Watu hukikokota nchi kavu kwa mkuku wake, katikati ya barabara ya maduka.

Sherehe hiyo huitwa Ofune Matsuri, yaani sherehe ya mashua tukufu, na hufanyika mara moja kila miaka mitano, Mei 2 na 3. Mashua humbeba mungu wa hekalu la Sawawachigi, lililo juu ya kilima kinachoitazama bandari. Mungu huyo hushushwa akiwa ndani ya mikoshi, kijumba cha kubebwa mabegani, kisha mikoshi hupakiwa chomboni pamoja na makuhani, wapiga ngoma na filimbi, na waimbaji wa nyimbo za kale za mabaharia. Wanachoomba ni kile kile kinachoombwa na wavuvi popote: samaki wengi na kurudi salama.

Kazi yenyewe inastahili kuelezwa taratibu. Mbele ya omo hutandikwa fremu za mbao ambazo wenyeji huziita soroban, jina la kihesabio cha kale cha Kijapani chenye tembe zinazotelezeshwa. Mamia ya watu hushika kamba. Wakati huo huo wanaume hung'ang'ania kingo za mashua pande zote mbili na kuiyumbisha, kushoto, kulia, kushoto, kama inavyoyumbishwa na mawimbi, maana chombo kilichokwama hakisogei mpaka kitikiswe. Kisha kinachomoka. Mkuku husaga mbao hadi moshi ukafuka chini yake, na waliobeba soroban hukimbia kuokota zilizoachwa nyuma na kuzitandika tena mbele. Anayejua kushua chombo pwani anaielewa kazi hii bila kufasiriwa. Tofauti ni kwamba wa Otsu wanakishua kuelekea mjini.

Kwa maoni yangu, heshima yote ya sherehe hii imo katika kukosa magurudumu. Kuyafunga kungekuwa kazi ndogo, na watu wachache wangetosha. Lakini mashua ya Otsu haisogei mpaka mji mzima utoke nyumbani.

Mji huu umeishi kwa bahari siku zote. Nje ya pwani yake mkondo wa joto wa Kuroshio hukutana na mkondo wa baridi wa Oyashio, na panapokutana maji ya namna hiyo samaki hujaa. Wavuvi wa hapa ndio wenye dobujiru, mchuzi mzito wa samaki aitwaye anko, uliopikwa chomboni bila tone la maji: ini lake hukaangwa kwanza, kisha nyama na mboga huiva kwa majimaji yao wenyewe. Maji matamu baharini ni mali, hayamwagwi sufuriani ovyo.

Katika vitabu vya historia ya Japani, hata hivyo, Otsu inajulikana kwa siku chache za mwaka 1824. Enzi hiyo watawala wa Edo walikuwa wameifunga nchi, na mgeni hakuruhusiwa kukanyaga pwani kama hii. Ndipo Waingereza 12 kutoka meli za kuvua nyangumi wakashuka kwenye ufuo wa Otsu kwa mashua ndogo, wakitafuta vyakula vibichi kwa wenzao waliougua kwa kukosa matunda na mboga. Walikamatwa. Mwanachuoni Aizawa Seishisai alitumwa kutoka mji wa Mito kuwahoji, wakaelewana kwa ishara na ramani. Mwishowe walipewa vyakula wakaachiwa waende zao. Aizawa hakutulia. Mwaka 1825 aliandika Shinron, kitabu cha kuonya juu ya hatari ya watu wa Magharibi, na mwaka huo huo serikali ikatoa amri ya kuzifukuza kwa mizinga meli za kigeni. Kitabu hicho kilisomwa sana na vijana wa kizazi kilichouangusha utawala wa Edo mwaka 1868.

Wasomi wameandika mengi kuhusu hofu ya Aizawa. Mimi huwakumbuka zaidi wavuvi. Kabla ya siku ile, watu wa pwani hiyo walikuwa wamekwisha kukutana na wavua nyangumi baharini na kubadilishana nao vitu, na wengi walitiwa mbaroni kwa kosa hilo. Walimwona mgeni kuwa mtu wa bahari mwenzao, nao wakaadhibiwa kwa hilo.

Historia iliendelea kuja Otsu bila kualikwa. Mwaka 1905 Okakura Tenshin, mwandishi wa kitabu mashuhuri kuhusu chai, alijenga kibanda chekundu chenye pembe sita, Rokkakudo, juu ya miamba ya Izura jirani na bandari. Mwaka uliofuata akawahamishia huko wachoraji wakubwa wa zama zake, akiwemo Yokoyama Taikan. Karibu miaka 40 baadaye likaja jeshi. Otsu ilikuwa moja ya sehemu tatu ambako Japani ilirusha maputo ya karatasi yaliyobeba mabomu, yakachukuliwa na upepo wa juu hadi Amerika. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945 yalirushwa zaidi ya 9,000. Moja liliua mwanamke mjamzito na watoto watano katika msitu wa Oregon, Mei 5, 1945.

Kisha Machi 11, 2011. Tsunami iliivamia bandari na kukizoa kibanda cha Okakura chote, ukabaki msingi. Kibanda kilijengwa upya mwaka uliofuata. La bahari lilikuwa gumu zaidi. Kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kiko takriban kilomita 70 kaskazini, na mapema Aprili, konago waliovuliwa nje ya Kitaibaraki, visamaki vyembamba mithili ya dagaa, walikutwa na mionzi iliyopita kiwango. Uvuvi wao ukasimamishwa. Mvuvi aliyenusurika na wimbi alikuwa na bahari mbele yake asiyoweza kuivua.

Mei 2014 zamu ya sherehe ilifika, ya kwanza tangu maafa, na mashua ikakokotwa. Serikali ya Japani iliitangaza sherehe hiyo kuwa urithi muhimu wa taifa mwaka 2017. UNESCO ilikuwa imeorodhesha sherehe 33 za magari ya Japani mwaka 2016 bila Otsu, na baadaye Japani ikapendekeza iongezwe. Ilistahili kuwamo tangu mwanzo.

Sherehe ilifanyika tena 2019 na 2024. Kwa hesabu ya miaka mitano, zamu ijayo ni Mei 2029. Atakayefika Japani kabla ya hapo ashuke treni ya njia ya Joban katika kituo cha Otsuko, aende bandarini kwenye jumba la historia ya uvuvi liitwalo Yo Soro, ambako mashua huwekwa ionwe na wageni. Asiishie kutazama mapambo ya juu. Ainame autazame mkuku.