Neema ya Wakati Uliopo: Kuipokea Siku kutoka Mikononi mwa Mungu

Tunduma ni mji wa kungoja. Lori lililosafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hufika hapa mpakani na kujipanga nyuma ya mengine yanayoelekea Zambia na Kongo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwezi Oktoba 2019, kilikusudiwa kupunguza muda wa kuvuka. Hata hivyo, foleni bado tunazishuhudia. Katika huduma za kichungaji tumezoea kusikia sentensi zinazoanza kwa “nikisha”: nikishavuka nitampigia mama simu, nikishalipwa nitapatana na mke wangu, nikishamaliza nyumba nitarudi kwenye jumuiya. Mkulima wa kahawa wa Mbozi naye husema hivyo akingoja malipo yake. Na sisi mapadre, tukiri, husema hivyo tukingoja uhamisho.

Mama Kanisa hafundishi kwamba kesho haina maana. Anafundisha kwamba neema hutolewa leo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2659 na 2660, inatuelekeza kumtafuta Mungu katika siku hii tuliyo nayo, pamoja na mambo yake madogo, na kuyafanya hayo yote kuwa sala. Padre Jean-Pierre de Caussade, Myesuiti Mfaransa aliyefariki mwaka 1751, anahusishwa na usemi “sakramenti ya wakati uliopo”. Usemi huo ni wa mfano. Sakramenti ni saba, wala hakuna ya nane.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kinasimulia jinsi Waisraeli walivyookota mana, pishi moja kwa kila mtu. Waliobakiza hadi asubuhi kinyume cha agizo waliikuta ina mabuu na inanuka. Lakini lipo jambo ambalo mahubiri mengi hulipita: siku ya sita waliagizwa kuokota maradufu, na akiba hiyo haikuharibika. Kwa hiyo anayehifadhi mahindi ghalani baada ya mavuno, au anayeweka fedha za ada, hatendi kinyume cha Injili. Katika Mathayo sura ya 6 Bwana anatukataza kusumbukia kesho, hatukatazi kuiandaa. Vilevile fundisho hili halina undugu na ule msemo wa mitaani, “ponda mali, kufa kwaja”. Mponda mali anaikimbia kesho, na mara nyingi ni mke na watoto wake wanaokutana nayo.

Shahidi mkubwa wa fundisho hili katika nyakati zetu ni Kardinali François-Xavier Nguyen Van Thuan wa Vietnam. Alikamatwa tarehe 15 Agosti 1975, Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, akiwa Askofu mwandamizi wa Saigon. Alikaa kifungoni miaka 13, na katika hiyo, miaka 9 alitengwa peke yake. Mwanzoni aliteswa na wazo la waamini wake waliobaki bila mchungaji, na la miaka yake ya nguvu iliyokuwa ikipotea. Hatimaye aliamua kwamba hatangoja kufunguliwa ndipo aanze kuishi. Angeujaza upendo kila wakati aliopewa.

Uamuzi huo aliutekeleza kwa vitu vidogo. Alimwomba mtoto wa miaka saba amletee karatasi za kalenda zilizokwisha kutumika, akaandika usiku ujumbe wa kuwaimarisha waamini wake. Gerezani aliwaandikia watu wake wampelekee divai kidogo, “dawa ya tumbo”. Wakaelewa, wakampelekea pia hostia zilizofichwa ndani ya tochi. Aliadhimisha Misa Takatifu kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji katika kiganja cha mkono wake. Alifunguliwa tarehe 21 Novemba 1988, akafariki Roma mwaka 2002.

Tunaona ni kosa kumsimulia kana kwamba alikipenda kifungo. Hakuacha kuutamani uhuru, wala dhuluma haikugeuka kuwa haki kwa sababu yeye aliipokea kwa amani. Amani ya wakati uliopo haimzuii dereva kudai stahili zake, wala haimzuii mgonjwa kutafuta tiba. Yule ambaye majuma yanapita hapati usingizi kwa mawazo mazito aende hospitali, pamoja na kusali.

Kwa mwamini anayeuliza aanzie wapi, tunapendekeza zoezi la kutafiti dhamiri alilolifundisha Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Watu wengi hudhani ni kuhesabu dhambi za siku. Katika utaratibu wa Mtakatifu Inyasi, jambo la kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema tuliyopokea. Kuomba mwanga wa kuzijua dhambi hufuata, kisha kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kukusudia kujirekebisha. Halihitaji kitabu wala kanisa. Dereva anaweza kulifanya akiwa kwenye kiti cha lori, injini ikiwa imezimwa, akianza na jambo moja la leo alitajalo kwa jina lake: chai aliyonunuliwa na mwenzake wa foleni, au sauti ya mwanae kwenye simu. Na kama simu hiyo bado hajaipiga, basi aanze kwa kuipiga.